Kukamua kwa Mkono wa Kushoto

Mashine ya kukausha nguo ya nyumba ile ya wageni ilikuwa imekata roho zamani, na kila meneja alipoulizwa alijibu kwamba fundi anakuja kesho. Kesho hiyo ilishaota mvi. Kwa hiyo mashuka yalikamuliwa kwa mikono, na shuka la kitanda kikubwa likishakunywa maji halimtaki mtu mmoja. Wawili wanashika ncha, wanatazamana, kila mmoja anasokota kuelekea kulia kwake, maji yanatoka.

Shida ni kwamba Bi Povu, aliyepachikwa jina hilo kwa kumaliza sabuni, alipangwa zamu na wifi yake, na wifi alikuwa wa mkono wa kushoto. Mmoja akisokota kulia na mwingine kushoto, shuka linazunguka tu hewani, halitoi hata tone. Bi Povu hakusema kitu. Alijizoesha kusokota kushoto, miaka ikapita, mpaka kifundo cha mkono kikaanza kumuuma vibaya.

Angesemaje? Tangu walipomzika mume wake, kaka wa wifi wa tumbo moja, walikuwa watu wa salamu na sabuni tu. Siku ile wifi alitaka kumchukua mama yao, mzee aliyekwisha kupooza upande mmoja, akakae naye. Bi Povu, akiwa bado analia, akamkatalia mbele ya wafiwa wote: "Mama haondoki kwangu. Ndiye niliyebaki naye." Wifi akanywea, na tangu hapo hakukanyaga tena kwa Bi Povu. Mzee mwenyewe hakuwahi kumuulizia binti yake, jambo lililomfariji Bi Povu kuliko lilivyostahili.

Kusema ni rahisi ukiwa na nguvu. Sasa Bi Povu alikuwa hoi. Mzee alitakiwa kugeuzwa kila mara asipate vidonda, na alikuwa mzito kweli, Mungu amsamehe mkwe kwa kulisema hilo. Jana mkono ulimlegea, mzee akajigonga kichwa ukutani. Hakulalamika. Alisema tu, "Pole, mwanangu," utadhani aliyegongwa ni Bi Povu. Leo Bi Povu alikuja kazini ameapa kuyafuta yale maneno yake ya msibani.

"Wifi," alianza, shuka la kwanza likiwa mikononi.

"Shika vizuri," wifi akajibu bila kuinua macho.

Wakasokota. Shuka likazunguka. Wakajaribu tena, likazunguka tena, maji yametulia humohumo.

"Mbona unakwenda kushoto?" wifi akauliza.

"Si ndiko unakokwenda wewe siku zote?"

"Leo nimekwenda kulia. Nimeuona mkono wako ulivyovimba. Nikasema ngoja nijilazimishe mimi."

Bi Povu alitaka kucheka, yakatoka machozi. Miaka yote hiyo alidhani wifi yake haoni kitu.

"Wifi, mama amejigonga jana. Mkono ulinilegea. Siwezi tena peke yangu. Nilisema haondoki, nilikosea. Mchukue."

Shuka liliwachuruzikia miguuni.

"Nimpeleke wapi sasa?" wifi akasema. " Wakati ule nilikuwa na chumba. Leo wanangu wamerudi na wana wao, tunalala kwa kupokezana mikeka." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Ulinifungia mlango, wifi. Mama yangu mwenyewe, habari zake nikawa nazipata kwa majirani zako."

"Sikufunga mlango."

"Ulifunga."

"Haya. Nilifunga."

Hawakuwa na nguvu ya kugombana zaidi ya hapo. Mashuka yalikuwa bado rundo. Wakarudi kushoto walikozoea, wote wawili, wakakamua mpaka jioni.

Walipotoka walifuatana hadi chumbani kwa Bi Povu. Mzee alikuwa amelala ameelekea ukutani, kama alivyoachwa. Bi Povu akajipenyeza upande wa ukutani, wifi akabaki mgongoni kwa mama yake, wakashika shuka alilolalia.

"Tumgeuzie kwako au kwangu?" Bi Povu akauliza.

"Kwangu."

Wakavuta pamoja. Mzee akageuka polepole, safari hii bila kujigonga, uso wake ukaja ukakutana na wa bintiye. Akamtazama kitambo kirefu. Akauinua ule mkono wake mzima, akamgusa shavuni.

"Kumbe upo," akasema. "Nilidhani ulikufa na kaka yako, wakanificha. Nikaona nisimuulize mkwe wangu, nisije nikamliza."

Bi Povu alikuwa bado ameshika ncha yake ya shuka.