Miwani ya Mami

Glenys alikificha kitabu kwa mapenzi. Mkutubi wa miaka ishirini na mmoja kazini, na kichwa chake kikafanya kazi kama cha kuku.

Kilikuwa kitabu cha picha kuhusu familia za kila namna, na ukurasa wa tisa mama wawili wanakula pai na binti yao. Mjini hapo mama wawili walikuwa Deb na Leonie tu, na mtoto wao Tamsin alikiazima kila Jumatano. Leonie alikuwa amemchorea mama mmoja miwani kwa penseli, afanane naye. Glenys aliiona, akajifanya kipofu.

Watu walipoanza kukilalamikia kitabu hicho, na siku moja kikaokotwa chooni kimetupwa, alikihamishia chini ya kaunta. Tamsin akija, anapewa mkononi bila kupitishwa kwenye mashine ya kuandikisha maazimo, ili mtu asijue nani anakisoma. Ikaendelea hivyo zaidi ya miaka miwili.

Mwezi wa nane saratani ilimchukua Leonie. Mwezi huohuo ukawa wa kuchuja vitabu. Mashine hutoa orodha ya visivyoazimwa miaka miwili, Glenys hutia saini, na Merv, mzee wa kujitolea, huvikusanya vikasagwe. Majina yalikuwa mia mbili. Alitia saini huku akinywa chai, bila kuyasoma.

"Kimoja kilikuwa kimejibanza chini ya kaunta," Merv alisema baadaye, akicheka. "Lakini mimi hakiniponyoki kitu."

Wakati huo lori la vitabu vya kusagwa lilikuwa limeshaondoka.

Jumatano ya kwanza baada ya mazishi walikuja wawili tu, Deb na Tamsin.

"Bi Glenys, nataka kile chenye miwani ya Mami," Tamsin alisema.

Glenys alikosa pa kuweka mikono. "Hakipo, mpenzi. Nitakuagizia kipya."

"Kipya kina miwani?"

Deb akatikisa kichwa. "Kwa hiyo wamefaulu, wale washenzi."

Ingekuwa rahisi kuitikia. Mji mzima ungeamini, na Glenys angebaki mtu mwema. Aliona aibu kwamba alilifikiria hilo.

"Si wao, Deb. Nilikificha, kikahesabiwa hakisomwi. Saini ni yangu."

"Bora wangekuwa wao," Deb akasema. "Wao ningejua la kuwafanya."

Alimshika mtoto mkono. Mlangoni Tamsin aligeuka kutazama chini ya kaunta, kisha wakatoka.