Neno la Kona ya Pili

Yeraldo Marte alijiita Radi. Alijiita mwenyewe, na hilo peke yake lingetosha kukueleza ni mtu wa aina gani. Kwetu jina la utani hujipi. Unapewa na wenzako, tena mara nyingi ni siku uliyoaibika. Tavito, aliyekimbia kipande cha pili katika timu yetu ya kupokezana vijiti, tulimwita Sahani kwa sababu ya masikio yake, na akaitika. Mimi nimeitwa Punda tangu shuleni na sijamnunia mtu. Lakini bwana huyu alichapisha neno Radi kwenye fulana, kwenye kofia, na kwenye kidani cha dhahabu kilichokuwa kikimgonga kidevu kila akikimbia.

Sasa, radi hupiga. Yule alikuwa akinguruma tu. Kwenye fainali ya mita mia, siku mbili kabla ya hii ninayoisimulia, jina lake lilipotajwa alibusu kile kidani, akanyoosha kidole mawinguni, akajipangusa mabegani vumbi ambalo halikuwepo. Uwanja mzima wa Santo Domingo, mji wetu mkuu, ukasimama kumshangilia. Bastola ikalia, akaja wa saba. Wa nane alikuwa amechanika msuli wa paja, akamaliza kwa kuchechemea. Halafu Radi akaenda mbele ya kamera akasema ni upepo. Upepo gani huo uliompiga yeye peke yake ukawaruka wenzake waliokuwa ubavuni mwake, hakuna mwandishi aliyemuuliza. Waandishi wetu wa michezo wanajua besiboli na wanajua kula. Mbio wanazijua kama mimi ninavyojua kupiga kinanda.

Mimi ni Nereo Pimentel, wa San Pedro, na nilikuwa nakimbia kipande cha tatu, yaani kona ya pili. Mtu wa kona ya pili hana anayemtazama. Mwanzoni watu wanaangalia bastola, mwishoni wanaangalia mstari, na katikati wanamtafuta muuza bia. Umri ulikuwa umenipita, goti lilikuwa linaniamsha kabla ya jogoo, na nilijua kwamba mashindano haya ya bara ndiyo yangu ya mwisho. Medali niliitaka, nisiwe mnafiki. Lakini kuna kitu nilichokitaka zaidi: baba yangu anione nikikimbia, kisha aseme neno moja jema. Moja tu.

Baba yangu, Don Eustaquio, alikuwa mdakaji wa besiboli katika timu ya kiwanda cha sukari. Kwetu San Pedro, mtoto wa kiume asiyecheza besiboli huonekana kama amezaliwa na kasoro, na mimi ndimi niliyekuwa kasoro ya nyumba yetu. "Kukimbia ni kazi ya mtu aliyeiba kuku," Baba alikuwa akisema kwenye meza ya dhumna mbele ya kioski cha mtaani, na wazee wenzake wakicheka hadi vipande vya dhumna vinaanguka. "Huyu wangu hata kuku hana. Anakimbia na kijiti." Miaka yote hiyo hakukanyaga uwanjani. Safari hii mbio zilikuwa zimeletwa nyumbani, mwendo mfupi tu kwa basi, nikajipa moyo nikampigia simu.

"Baba, fainali ni Jumamosi. Nimekuwekea kiti."

"Huyo Radi wenu atakuwepo?"

"Yupo. Yeye ndiye anayemalizia. Mimi ndimi ninayempa kijiti."

"Unampa wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, Baba."

"Basi nakuja."

Nilikata simu nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ugomvi ulizuka kesho yake, na ulikuwa ugomvi wa neno. Katika kupokezana vijiti, anayepokea hatazami nyuma. Anachomoka anakimbia, na anayeleta kijiti akishamkaribia humpigia ukelele wa neno moja. Akilisikia ndipo anatupa mkono nyuma. Kila nchi inayosema Kihispania, toka Mexico hadi Argentina, inapiga "Ya!", maana yake sasa. Ubaya wake hata kipofu anauona. Njia zimelala ubavu kwa ubavu, jirani naye anapiga "Ya!" yake, na masikio hayana mlango.

Kocha wetu, Doña Eneida, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia samaki, alikwisha kulitatua jambo hilo zamani. Sisi tulikuwa tunapiga "Mangú!" Ni ndizi mbichi za kuchemsha na kuponda, chakula chetu cha asubuhi. "Hakuna Mkolombia atakayeita mangú katikati ya mbio," alisema, "labda awe ameoa kwetu." Timu nyingine zilitucheka mpaka zikachoka. Wao walikuwa wakidondosha vijiti, sisi hatukudondosha.

Radi hakukimbia mchujo. Alikuwa anajipumzisha, kama vile kuwa wa saba kunachosha kuliko kuwa wa kwanza. Tulifuzu bila yeye, tukaletewa yeye kwa ajili ya fainali. Katika zoezi la Ijumaa nilikuja na kijiti, nikapaza "Mangú!", na yeye akasimama katikati ya njia kama aliyekanyaga msumari.

"Nini hicho?"

"Ndilo neno letu," nikamwambia.

"Kaka, mimi nina watu laki tatu wananifuata mtandaoni. Unataka dunia nzima isikie naitiwa kifungua kinywa? Mimi mtoto wa chekechea?"

"Labda ukishiba utakimbia," akasema Sahani.

"Wewe nyamaza, antena."

Doña Eneida akaja akimkazia macho. "Mwanangu, nisikilize vizuri. Kesho sisi tuko njia ya tano, njia ya sita ni Wakolombia. Wao wataita 'Ya!' Utajuaje ni nani anakuita?"

"Nitaijua sauti, kocha. Mimi sauti ya Nelson naijua."

"Anaitwa Nereo."

"Ndiyo, huyo huyo."

Wakati huo akawa anatujia Licenciado Rosado, rais wa shirikisho, katika suti nyeusi juani. Ukimwita Rosado bila kumtangulizia hiyo Licenciado, yaani msomi mwenye shahada, haitiki. Anakuwa kiziwi palepale. Mbio pekee ambazo mtu huyu amewahi kukimbia ni za kuwahi meza ya chakula kwenye tafrija, na hizo, haki ya Mungu, hajapata kushindwa. Radi akamnong'oneza. Licenciado akatikisa kichwa kwa uchungu, kama aliyeletewa habari za msiba.

"Doña Eneida, twende na wakati. Wafadhili watasemaje wakisikia mangú?"

"Wafadhili watakuwa wamekaa, Licenciado. Mimi nazungumzia wanaokimbia."

"Vijana wengine waendelee na mangú yao huko nyuma. Kwa Yeraldo ni 'Ya'. Nimemaliza."

"Umemaliza kweli," akasema Doña Eneida, na akatema mate kwenye nyasi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu alikuwa amesifiwa hata kabla hajapanda mnazi. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mengi na ya nguoni. Nikayameza. Ningeleta vurugu wangeniondoa kwenye timu, na Baba angesafiri kuja kumtazama mtu mwingine kwenye kona yangu.

Jumamosi nilimtafuta jukwaani kabla hatujapangwa. Nilimwona. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la misa, lililopigwa pasi, na amekaa wima mikono magotini. Moyo ulinidunda kuliko ulivyowahi kunidunda mbele ya bastola yoyote.

Kijana wetu wa kwanza alitoka vizuri. Sahani alikimbia ule upande ulionyooka kwa hasira zake zote na masikio yake yote, akaja kwangu akipiga "Mangú!" hadi jukwaa la karibu likaangua kicheko. Nikatupa mkono, kijiti kikatua kiganjani, nikaingia kona. Goti lilinyamaza siku hiyo, nalishukuru. Wajamaika walikuwa mbele, Wamarekani nyuma yao, na hilo kila mtu alilijua tangu alipopiga mswaki asubuhi. Nafasi ya tatu ilikuwa kati yetu na Wakolombia. Mtu wao alikuwa amenizidi mwanzoni mwa kona, nikamla kidogo kidogo, nikamla tena, mpaka zikabaki hatua chache tu kati yetu. Nilikuwa namsikia anavyohema. Nilijua nikimkabidhi Radi kijiti vizuri, medali ni yetu hata akikimbia na kidani chake mdomoni.

Radi akachomoka. Alichomoka vizuri, sitamnyima haki yake. Mkolombia, akiwa bado mbele yangu, akampigia mtu wake: "Ya!"

Mkono wa Radi ukaruka nyuma.

Mimi nilikuwa bado sijamfikia. Ikawa anakimbia na mkono umenyooshwa, kiganja wazi, kama ombaomba mlangoni pa kanisa, na mtu hawezi kwenda kasi akiwa hivyo. "Bado!" nilipiga kelele. Akasikia sijui nini. Alipoona hapewi kitu, akafanya lile ambalo watoto wa shule za msingi wanagombezwa kwalo: akageuza shingo atazame nyuma. Bega likapinda, miguu ikapungua, vidole vikafumba. Nikamfikia kama mtu anayeufikia ukuta. Kijiti kikagonga ngumi yake iliyofumba, kikaruka juu, kikaanguka kikiviringika hadi njia ya Wakolombia, ambao walikuwa wameshakwenda zao kuchukua medali yetu.

Uwanja ulitoa mguno mmoja mrefu. Radi akapiga magoti na kufunika uso. Lakini kwanza alitazama kamera iko upande gani. Niliona kwa macho yangu haya.

Walimhoji hapo hapo, jasho halijamkauka, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote. "Sikumsikia," alisema. "Nilinyoosha mkono, nikangoja, hakufika. Lakini msimlaumu, jamani. Ni mtu mzima, amechoka, ametoa alichonacho. Sisi ni familia." Watu wakampigia makofi kwa ukarimu wake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya uzio wa waandishi nikiwa na kijiti mkononi, kwa sababu hata kukiokota alikuwa ameniachia mimi. Doña Eneida alikuja mbio kuelekea kwenye kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Licenciado alimshinda mtu mbio zisizo za chakula: alimkinga kwa tumbo, akamshika mkono, akamwambia mambo ya familia hayaanikwi hadharani. Kifua kilinijaa dharau.

Baba alikuwa akinisubiri nje ya mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Njiani nilikuwa nimejipangia maneno: habari ya njia ya sita, ya ule ukelele, ya mkono uliotoka kabla ya wakati. Alikuwa mdakaji, nilijua nikimweleza ataelewa.

"Nimeona," alisema.

"Baba, sikuwa mimi. Yule wa—"

"Umri, mwanangu." Akaniwekea mkono begani, kitu ambacho hakukifanya tangu nikiwa mdogo. "Usijitetee. Hata mimi mechi yangu ya mwisho mpira ulinipita katikati ya miguu, watu wanaona. Mwili ukikataa umekataa."

Ulikuwa mkono mzuri, mzito, wenye joto, na sikutaka auondoe. Na neno lilikuwa jema, kwa namna yake. Ningemweleza ukweli ningeupoteza mkono ule.

"Sasa," alisema, akauondoa mwenyewe, akachungulia mlangoni nyuma yangu. "Yule kijana bado yuko ndani?"

"Kijana gani?"

"Radi, bwana! Nimewaahidi wazee wa dhumna picha. Niliwaambia mwanangu ndiye anayempa kijiti, kwa hiyo wamezoeana, hawezi kumkatalia. Kamwite."

Ndipo nikaelewa kiti kile nilimwekea aje kumwona nani. Ningeweza kukataa. Lakini alikuwa anajinyoosha kola ya shati la misa, mzee wa miaka yote ile, ana wasiwasi kama bwana harusi. Nikaingia ndani, nikamwita.

Radi alitoka ameshaoga, amejimwagia manukato ya kutosha kuamsha maiti. Akamkumbatia baba yangu kama wamelala njaa pamoja. "Mzee wangu! Usimkasirikie mwanao, sawa? Alijitahidi."

"Simkasirikii hata kidogo," Baba akasema, akicheka kwa meno yote aliyobakiwa nayo. "Wewe pole sana. Pole sana, mwanangu."

Alimwita mwanangu. Akanipa simu yake, wakashikana mabega, Radi akanyoosha kidole mawinguni na Baba naye akanyoosha chake. Nikapiga picha.

Baba akaichukua simu, akaitazama kwa kuisogeza mbali na macho, akaguna.

"Imetikisika. Kweli mkono wako hautulii siku hizi. Hebu piga nyingine."

Nikapiga nyingine. Hiyo ilitoka safi, na ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwetu.