Kompyuta ya Cherehani

Alipokuwa mtangazaji wa mpira redioni, watu walimwita Cherehani, maana mdomo wake ukishaanza kushona haukati uzi mpaka kipenga cha mwisho. Nyumbani ndiyo usiseme. Mkewe hakuwa na hakika kama amewahi kumaliza sentensi yake mwenyewe mezani. Alinuna, alilalamika, aliwaambia wageni kwamba huyu hata angepewa mdomo wa akiba angeuchakaza. Kisha kiharusi kikamnyang'anya mzee sauti pamoja na mkono wa kulia, na kimya kikaingia nyumbani kikajifanya mwenyeji. Jamani, yule mama angetoa chochote akatizwe tena maneno.

Aliyeleta nafuu ni mkwe wao, mke wa kijana wao mkubwa, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta. Mama hakuwahi kuielewa kazi hiyo. Alizoea kusema kwamba wenzake wanashika mwiko, huyu anashika bisibisi. Binti huyo alichukua kompyuta mpakato ya mzee, ile ya zamani aliyokuwa akijirekodia mechi zake, akaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na kibodi kubwa ya kwenye skrini. Mzee anagusa herufi kwa mkono wa kushoto, kompyuta inatamka. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Chai haina sukari." Mkewe alilia, akaongeza sukari.

Furaha haikudumu. Kompyuta ilianza kuganda. Mzee anagusa herufi, kimya. Anagusa tena, kimya. Halafu zote zinamwagika kwa mpigo kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Yule aliyesema haraka haraka haina baraka hakuwahi kuingoja kompyuta hiyo. Jumapili moja watangazaji wenzake walikuja kunywa chai, mmoja akawa anajisifu alivyokuwa mkimbiaji hodari ujanani. Mzee akaandika kijembe chake. Kompyuta ikaganda. Ilipozinduka, mazungumzo yalishahamia kwenye msiba wa rafiki yao, na katikati ya pole zile sauti ya mashine ikatangaza: "Alikuwa akifukuzwa na mbwa."

Hakuna aliyecheka. Mzee akaisukuma kompyuta kando, na Jumapili iliyofuata hakuifungua kabisa. Wenzake, watu wema tu, wakaanza kuzungumza juu ya kichwa chake kama vile amekuwa kabati. Mkewe alikaa jikoni roho ikimuuma. Mara ya kwanza ni maradhi yaliyomfunga mzee mdomo. Sasa alikuwa anaufunga mwenyewe, na akishaufunga hataufungua tena. Akampigia simu mkwe.

Binti alikuja Jumapili iliyofuata asubuhi. Kwanza alianza kuondoa mapambo: madirisha yanayofunguka kwa madaha, vivuli, menyu zinazoteleza kama bibi harusi. Mama akayatetea, akisema fahari ya macho haifilisi duka.

"Duka hili linafilisika, mama," binti akajibu. "Nguvu zote zinaishia kwenye urembo."

Akaiwekea skrini sura nyingine, nyepesi, haina makuu. Madirisha yakaanza kufunguka papo hapo, na mama akapiga makofi. Binti hakupiga. Alikaa akiitazama ile orodha ya programu zinazofanya kazi, na kweli, baada ya muda kompyuta ikaganda tena. Mchawi akaonekana: programu inayopekua mafaili yote ili mtu akitafuta kitu akipate upesi. Ilikuwa inakula nguvu zote, inaanguka, inaamka, inaanza upya tangu mwanzo.

Mama akauliza kwa nini wasiizime tu, yaishe. Lakini mzee akitaka mechi ya zamani huandika jina la timu, na programu hiyohiyo ndiyo inayomtafutia. Ndivyo anavyozipitisha asubuhi zake.

"Siwezi kumponya mdomo kwa kumziba masikio," binti akasema.

Basi, ili alipate faili linaloiangusha, akatoa nusu ya rekodi, akangoja. Akazirudisha, akatoa nusu nyingine, akangoja. Akagawanya tena, na tena. Hakusonya, hakukunja uso. Mama alikuwa amekaa pembeni na bakuli la mchele, akachambua mpaka akasahau kuchambua. Hakujua kama ubishi unaweza kuwa mpole namna ile. Moyoni alikiri wazi kwamba kijana wake alioa mtu.

Wageni walipoanza kuingia saa za chai, lilikuwa limebaki faili moja. Ni mechi ya siku ile ya kiharusi. Mzee alipoanguka aliiburuta kompyuta ikazimika kabla haijamaliza kuhifadhi rekodi, kwa hiyo faili halikuwa na mwisho, na ile programu kila ikifika hapo inapaliwa. Binti akalitengeneza faili lifungike vizuri, akawaandikia walioitunga programu kuwaeleza kasoro yake, watu asiowajua wanaojitolea tu, kisha akamgeukia mkwewe.

"Baba, tuifute au tuisikilize?"

Mzee akagusa sikio.

Sauti yake ya zamani ikajaa sebuleni, nzima, yenye mbio, mkewe akashika ukingo wa meza. "Anamtoka beki wa kwanza, anamtoka wa pili, yuko yeye na kipa, anapiga..." Kishindo. Halafu hakuna kitu. Wenzake wakatazama sakafu.

Lakini kidole cha mzee kilishaanza kazi, na kompyuta haikusita hata kidogo:

"Mpira ulipaa juu ya goli. Ndiyo maana nilianguka."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mkewe alicheka huku machozi yakimtoka, akamshika binti mabega yote mawili. "Mwanangu," akaanza, "mimi leo nataka nikwambie mbele ya watu kwamba..."

"Mpe chakula kwanza," kompyuta ikamkatiza. "Ameshinda na njaa."