Tone Chini ya Jiwe la Shaba

Binti yangu Gentille alinisomea kibao kwenye jumba la makumbusho, hapa Minneapolis: mawe ya mizani ya shaba, Waakan wa Ghana waliyatumia kupimia dhahabu.

"Mama, ona yalivyo mazuri! Miraba, pembetatu, ngazi..."

Mazuri wapi! Jiwe moja lilikuwa limelazwa ubavu, na chini yake mtu alikuwa amegandisha tone la metali ili jiwe liwe zito zaidi. Kule Kivu, mnunuzi wa dhahabu tuliyochimba alikuwa na jiwe la namna hiyo. Kila tulipompelekea dhahabu, kwenye mizani yake ilipungua kidogo tu.

Miaka kumi Gentille ameniuliza kwa nini baba yake alirudi machimboni siku ile ya mvua, shimo likamfukia. Miaka kumi nimenyamaza.

Niliweka kidole kwenye kioo.

"Alirudi kuchimba dhahabu ya kujazia hilo tone."