Kosa Amelikamata Wifi

Sitaki kujipamba: nilimwonea wifi kijicho. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtafutia kazi kwenye karakana yetu ya lifti, kwa kuwa ni mdogo wa mume wangu, na mama mkwe alinisumbua mwaka mzima. Leo bosi akiingia ofisini anamsalimia yeye kwanza. Mimi ananiuliza kama karatasi za printa zipo.

Tulikuwa kichekesho pale. Mimi namwita wifi, naye ananiita wifi, na kile kisanduku cha intaneti kilichotundikwa juu ya mlango nacho ni wifi. Mtu akipiga kelele "Wifi imekufa!" mafundi wanatupa pole.

Kosa nililikamata mimi. Mlango wa lifti ukigusa kitu unatakiwa urudi. Wetu ulibana kipini cha fagio mpaka kikavunjika. Siku tisa nilijilaumu, nikisaka kosa kwenye programu niliyoiandika kwa mkono wangu, hadi nikagundua kuwa mwenye kosa ni kompaila, yaani ile programu ya kununua inayogeuza maandishi yetu kuwa maagizo ya mashine. Tukiiagiza iibane programu yetu ipungue ukubwa, inauona mstari wangu wa "angalia mlango tena" kuwa ni marudio, inautupa. Na bila kubana, programu haienei kwenye chipu. Lifti yenyewe ilikuwa inasubiriwa hospitali siku ya Alhamisi.

Nikawaandikia wauzaji wa kompaila kurasa sita. Baada ya siku tano wakanijibu: "Je, umejaribu kuisakinisha upya?" Nikasakinisha, nikaandika tena. "Je, kompyuta yako imechomekwa kwenye umeme?" Walidhani nawaandikia kwa mkaa?

"Wifi, niachie na mimi niwajaribu," akasema wifi.

Mkataba unaturuhusu ombi moja tu la dharura kila mwezi. Akalitumia hilo, na saa moja haikupita akajibiwa. Bosi akampigia makofi mbele ya watu. "Angalau kuna mtu wanamsikiliza," akasema, kisha akatangaza kuwa atakayelimaliza kosa hilo ndiye atakayekalia kiti cha mkuu wa kitengo. Kiti kile nimekitolea jasho miaka kumi na moja. Nilitoka nje kabla wifi hajafungua mdomo kujibu. Roho iliniuma hata chai ikanishinda.

Jumanne mchana, siku mbili kabla ya lifti kupelekwa hospitali, wifi akaniuliza aniletee nini cha kula. Nikamwambia sina njaa. Akatoka, akaiacha skrini yake wazi. "Ombi lako lina jibu jipya," iliandikwa, na chini yake kulikuwa na kitufe: "Limetatuliwa. Funga ombi."

Nilijua maana yake. Ombi la dharura likifungwa halifunguki tena, unangoja mwezi mwingine. Sikuwaza hospitali, sikuwaza Alhamisi. Niliwaza makofi tu. Nikabonyeza.

Wauzaji wale wasio na haraka na lolote wakanishukuru papo hapo, wakaniletea mazungumzo yote niyasome nitoe maksi za huduma. Ujumbe wa kwanza wa wifi ulikuwa huu:

"Kosa hili amelikamata wifi. Ameeleza kila kitu kwenye kurasa sita nilizoambatanisha. Naomba mzisome."

Wakamjibu: "Makosa ya wifi huisha ukizima kifaa kwa sekunde thelathini."

"Sizungumzii intaneti. Wifi ni mke wa kaka yangu. Ndiye bingwa wetu hapa."

"Pole kwa matatizo ya kifamilia. Mwombe asitumie intaneti wakati wa kusakinisha."

Kicheko kilinitoka, kisha nikarudi kusoma tangu juu. Wiki nzima alikuwa akihangaika na watu hawa, anarudia yaleyale: ni kazi ya wifi, zisomeni kurasa zake. Mimi wiki hiyo hiyo nilikuwa namjibu salamu kwa kukunja uso.

Jibu la mwisho lilitoka kwa mtu mwingine, mhandisi wao.

"Nimesoma kurasa za wifi yako. Amesema kweli, kosa ni letu. Kiraka cha kulirekebisha nitakituma leo saa tisa kupitia ombi hili. Tafadhali msilifunge."

Nililisoma mara tatu. Nikatafuta kitufe cha kurudisha nyuma. Hakikuwepo.

Wifi akaingia na mifuko miwili, mmoja akauweka mbele yangu. "Najua umesema huna njaa," akasema, "lakini nakujua." Akaketi, akatazama skrini, akaduwaa.

"Mbona limefungwa? Nani kalifunga?"

"Wifi," nikasema.

Akainua macho kukitazama kile kisanduku juu ya mlango, akasonya. "Hii nayo! Ipo siku nitaing'oa niitupe nje."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi. Ningeweza kunyamaza, na angeamini. Angeamini hata mbele ya bosi. Alikuwa ameshavuta kiti akipande akakague nyaya.

"Siyo hiyo," nikasema. "Wifi yako."