Mizabibu Haijagoma

"Kibaraka!" nilimwita mbele ya watu sitini. Hakugeuka. Aliinama vilevile juu ya mzabibu, mkasi ukilia mkononi mwake. Asubuhi ilikuwa ya baridi na tulivu. Moshi wa moto tuliouwasha langoni ulisimama wima kama nguzo.

Ilikuwa siku ya tisa ya mgomo. Tulidai mambo ambayo hata leo yananipandisha hasira kwamba yalihitaji kudaiwa: maji ya kunywa shambani, na mtu akijikata kwa mkasi atibiwe, asifukuzwe. Shule niliachia darasa la nne. Sheria za kazi nilijisomea kwenye kijitabu kisicho na jalada, nikawachosha wenzangu nazo mpaka wakanibandika jina la Redio. Niliapa hakuna mkasi utakaogusa tawi.

Na aliyevunja mgomo ni mama mdogo, aliyenilea.

Alipogoa safu sita za juu tu, za mizabibu iliyopita miaka mia, mashina yamejipinda kama vidole vya kizee. Inazaa vishada vichache, vidogo, lakini mvinyo wake mwekundu ndio uliompa bosi jina. Mzabibu wa umri ule usipopogolewa, huzaa kupita nguvu zake mpaka ukafa. Mama mdogo alijua kila shina liachiwe machipukizi mangapi, kama mtu anavyojua nani nyumbani kwake hali chumvi.

Bosi akatoka anatabasamu, akamshika bega. "Mwoneni mama huyu! Huyu ndiye mfanyakazi."

"Sikuja kukufanyia kazi, bosi. Nimekuja kuwauguza wagonjwa wangu." Akafuta mkasi kwenye sketi. "Ugomvi ni wako na watoto hawa. Mizabibu haijagoma." Kisha akaonyesha bonde zima lililobaki, matawi yamechanganyika kama nywele zisizoona kitana. "Hiyo mingine, muulize Redio."

Akavuka lango, akaketi kwenye moto wetu, akaomba chai.

Siku ya tatu baada ya hapo bosi akatia saini. Kwa hasira tu, nilimwongezea sharti: kila mpogoaji apewe kila mwaka chupa moja ya mvinyo wa safu zile sita. Miaka yote tuliutengeneza, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuonja.

Ya kwanza tuliifungulia jikoni kwa mama mdogo, tukanywea vikombe vya bati. Akakunja uso.

"Ndio huu wanaougombania?"

"Ndio huu."

"Kumbe matajiri nao wana shida zao." Akajiongezea.

Mimi niliyehutubia umati bila karatasi, nikazungusha kikombe changu kwanza. "Mama mdogo, lile neno nililokuita..."

"Neno gani? Siku ile upepo ulivuma, mwanangu. Sikusikia kitu."

Sasa hayupo. Safu sita nazipogoa mimi, na mjukuu wa bosi, ambaye ndiye bosi sasa, nampa vidonge vyake kila nikipata nafasi. Kila aliyetudharau bado namkumbuka kwa jina. Lakini chupa yangu ya mwaka ikifika, naketi kwenye kiti cha mama mdogo jikoni, nakunywa taratibu, na kuuona tena ule moshi: wima, bila kutikisika hata kidogo.