Sayari Zashushwa Nusu Sauti Barking

Jumamosi saa tisa alasiri, kwaya ilikuwa ubeti wa tatu wa wimbo wa Pasaka, katika ukumbi wa nyuma ya soko la Barking, London, na binti Alexis alikuwa ameshaanza kushuka sauti. Alishuka kila wiki, taratibu, kama soksi iliyolegea. Wenzake walishuka naye kwa heshima zote, kwa sababu mama yake ndiye mwenyekiti, na ufunguo wa ukumbi anao yeye.

Generosa wa sauti ya pili hakushuka. Solo ya wimbo ule, sehemu ya kuimba peke yake, aliahidiwa yeye tangu Kwaresima ianze, kisha juzi ikahamia kwa Alexis bila maelezo. Kule Bukoba mama yake alishawatangazia majirani kwamba Jumapili watamwona bintiye kwenye simu. Hata viti alishaazima.

"Dada Genny, unatutoa kwenye wimbo," alisema Mama Alexis.

"Mimi nipo palepale, Mama Alexis. Nyie ndio mnateremka na lifti."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka ufunguo.

Mwalimu Protas alichukua gitaa kuamua ugomvi. Alikuwa mfuasi wa Pythagoras, yule Mgiriki wa pembetatu aliyewatesa wote sekondari.

"Bana uzi katikati, sauti ileile inarudi, ila juu. Acha theluthi mbili, unapata mwenzake wa kupatana naye. Hii ni hesabu, haina shangazi wala mjomba." Sayari nazo, alisema, zimepangwa kwa hesabu hiyohiyo. Zinaimba tangu hatujazaliwa, tumezizoea, ndiyo maana hatuzisikii.

Hapo sayari zikanyamaza ili zivute pumzi.

London nzima ikapwaya. Basi lililofunga breki nje lilisikika kama liko ndani ya debe. Kisha zikaingia tena: Zohali kwenye besi, Mirihi juu yake, Zuhura sauti ya kwanza, zote sambamba na Generosa. Mtu mmoja alifunga dirisha, maana kulikuwa na baridi.

"Haya, tumezisikia," alisema Mama Alexis. "Zinajitahidi. Lakini mazoezini hazijawahi kuja hata siku moja."

Akalifungua dirisha, akaziambia zishuke nusu sauti zimfuate Alexis. Zikashuka.

Generosa akamgeukia Protas. "Mwalimu, si ulisema haina shangazi?"

Protas alikuwa ameinama, analegeza nyuzi za gitaa moja baada ya nyingine. "Hesabu ni ileile, dada. Imehamia chini tu."

Jioni ile birika za Barking zilipiga mluzi wa chini kidogo, na milango ya treni vilevile. Generosa alijifungia bafuni ajaribu kushuka na ulimwengu. Koo likagoma.

Jumapili aliimba mstari wa nyuma, sauti yake palepale ilipokuwa siku zote. Ibada ilipokwisha, mama yake akapiga simu.

"Solo isikuumize, mwanangu, utapewa mwakani. Mmeimba jamani! Majirani wamelia. Yule binti wa mbele, Mungu ambariki. Ila huko nyuma kuna mmoja alikuwa anawaharibia mwanzo mwisho. Ni nani yule?"

Nyuma ya sauti ya mama, viti vya watu vilikuwa vinakunjwa.

"Simjui, Mama," alisema Generosa. "Mgeni."